Madhabodi ya Laki Moja na Stima ya Golbanti

Wiki hii sina kiki wala drama ya mtu. Nataka tuongee kuhusu kipande kimoja cha kompyuta ambacho kimetugawanya sisi watu watatu mpaka juzi tumekula ubwabwa kila mtu akiangalia simu yake. Kinaitwa ASUS ROG Crosshair X670E Hero. Ni madhabodi, ile bodi kubwa ndani ya kasha ambayo kila kitu kingine kinachomekwa juu yake: prosesa, ramu, diski, kadi ya grafiksi, feni, vyote.

Wanaonifuata kitambo wanajua kazi yetu. Mmoja anashika kamera, mmoja ana sauti na ndiye anaongea na wateja, mimi nahariri. Tunapiga harusi za huku Tarasaa na Ngao, kwaya, fainali za mpira, na mto Tana ukivunja kingo kama ulivyofanya mwisho wa 2023 na tena 2024, tunapiga hiyo pia, kwa sababu wa Nairobi wakifika maji yameshashuka. Mashine yetu ni ile mitumba ya ofisi kutoka ng'ambo, na imechoka. Video ya dakika kumi inakaa usiku mzima ikirenda. Tumeweka pesa mwaka mzima na nusu, shilingi 185,000. Kwa mtu aliyetoka chuo mwaka wa pili kama mimi, hiyo ndiyo digrii. Mama ananiambia hivyo hivyo, na hasemi kwa utani.

Sasa mwenzangu wa kamera anataka pesa ianzie kwa hiyo Hero. Ameiona kwenye video za Wamarekani, imewekwa juu ya meza nyeusi, taa zinacheza, jamaa anaongea kwa sauti nzito. Kilichoharibu mambo zaidi ni kwamba nimewahi kuishika. Kuna mteja wa Malindi alinipa kazi ya kumuunganishia kompyuta, bodi ikiwa hiyo hiyo, na ramu zilichelewa kuja na basi kutoka Nairobi. Kwa hiyo nililala nayo chumba kimoja hapa Golbanti siku tisa. Naongea kuhusu kitu nilichokigusa, sio kitu cha kuhadithiwa.

Na nitaanza na sifa, maana ni haki yake. Ni nzuri, bana. Ukiitoa kwenye boksi unasikia uzito. Mabati ya kupozea ni meusi, mazito, yamekatwa vizuri, hakuna kona ya kukukwaruza kidole. Diski zinakaa chini ya vibati vyake, kila moja na nyumba yake. Kuna kitufe cha kuachilia kadi ya grafiksi, unabonyeza pembeni ya bodi na kadi inatoka, badala ya kuingiza bisibisi chini ya kadi nzito ukiomba Mungu isiteleze. Mtu aliyebuni hicho kitufe amewahi kuunganisha kompyuta kwa mikono yake. Heshima.

Mama aliipitia asubuhi moja akauliza, "Hii sahani ndiyo laki moja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema wallahi na hata sisi si Waislamu.

Hesabu iko hivi. Ilipotoka mwaka 2022 bei yake ilikuwa dola 699. Ukipiga kwa shilingi 129, ni kama 90,200. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika 104,600, na bado hujalipa usafiri. Hiyo ni kama nusu ya bodaboda mpya. Bodaboda unajua itakurudishia nini. Hii inarudisha nini?

Kitu cha kwanza kila mtu anasifu ni umeme wake. Utasikia "18 ongeza 2". Maana yake, pembeni ya soketi ya prosesa kuna vituo vidogo 20 vinavyopokea volti 12 kutoka kwa pawasaplai na kuzishusha mpaka volti moja na kidogo ambayo prosesa inakula. Vituo 18 ni vya prosesa yenyewe, na kila kimoja kimepimwa kubeba ampea 110. Zidisha: 1,980. Haya, prosesa kubwa ya wakati huo, Ryzen 9 7950X, inaruhusiwa kuvuta wati 230 kwenye soketi. Kwa volti moja na robo hivi, hiyo haifiki ampea 200. Yaani bodi imejengewa mara kumi ya kazi iliyopo.

Sio upuuzi, nieleze vizuri. Vituo vikiwa vingi, joto linagawanywa, kila kimoja kinafanya kazi kidogo na kinabaki baridi. Na kuna watu wanamwagia prosesa nitrojeni ya maji ili ikimbie kupita kiasi, wale wanazihitaji hizo ampea. Kwa joto letu la huku, saa nane mchana mabati ya nyumba yakilia, ungedhani na sisi tunazihitaji. Lakini prosesa tunayoiweza kwa pesa yetu ni Ryzen 7 7700, ambayo ikipewa kazi ngumu inavuta wati 88. Bodi ya kawaida yenye bati la kupozea la maana inaibeba hiyo bila kutoka jasho.

Halafu kuna jambo ambalo wale jamaa wa meza nyeusi hawaligusi kabisa, kwa sababu kwao halipo. Vituo vyote 20 viko nyuma ya pawasaplai. Havijui chochote kuhusu waya wa ukutani. Wamisionari wa Kimethodisti walifika hapa Golbanti miaka ya 1880, stima ikaja zaidi ya miaka mia moja baadaye, na mpaka leo inakuja ikijisikia. Inapotea, inarudi kwa kishindo, inashuka mpaka balbu inakuwa rangi ya chai. Ikikatika, pawasaplai inashikilia kwa milisekunde kumi na kitu, basi. Baada ya hapo bodi ya laki na bodi ya elfu ishirini zinazima sekunde ile ile. Hakuna iliyokufa kwa heshima zaidi.

Mwenzetu wa sauti, ambaye hajui soketi wala chipseti na hataki kujua, ndiye aliuliza swali hilo kwa maneno yake: "Stima ikipotea, hiyo Hero inafanya nini?" Mwenye kamera akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu jibu ni kwamba haifanyi kitu.

Tuje kwa matundu. Ina nafasi za diski tano, nne juu ya bodi yenyewe na ya tano kwenye kadi inayokuja ndani ya boksi, na baadhi zake ni PCIe 5.0, kasi ya juu kabisa ya wakati wake. Ina matundu mawili ya USB4 ya gigabiti 40 kwa sekunde. Ina tundu la kebo ya mtandao la gigabiti mbili na nusu. Nilipoona hilo la mwisho nilicheka peke yangu. Intaneti yangu inatoka kwa simu niliyoiegemeza dirishani, upande ule mnara unaonekana, na bando ikiisha naenda kununua kwa duka la jirani. Gigabiti mbili na nusu nizitoe wapi, mtoni?

Kwenye diski nilikuwa tayari kushawishika, kwa sababu hapo ndipo mhariri wa video anaishi. Nikapiga hesabu. Kamera yetu inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 12 na nusu. Diski ya NVMe ya kizazi cha zamani, PCIe 3.0, inasoma karibu megabaiti 3,500 kwa sekunde. Hiyo inatosha kusoma video kama zetu 280 kwa mpigo. Sisi kwenye harusi kubwa tukijitahidi tuna kamera tatu, moja ya kuazima. Nafasi nyingi za diski naikubali, ni raha, utaweka kazi ya mwaka mzima ndani. Lakini mbili au tatu zinapatikana kwenye bodi za bei ya chini vilevile.

Nilichoipenda kwa dhati ni kitu ambacho hakipigwi picha. Pembeni kuna kioo kidogo cha tarakimu mbili. Ukiwasha mashine, kinakuonyesha namba kulingana na hatua iliyofikiwa. Ikikwama kwenye 55, haioni ramu. Ikikaa sana kwenye 15, inazizoea ramu mpya, na hizi ramu za DDR5 kwenye soketi ya AM5 zinaweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza, skrini nyeusi tii, mtu asiyejua anadhani ameua mashine na anachomoa waya. Wewe uko Golbanti. Fundi anayejua mambo haya hayuko mtaa wa pili, huenda yuko Malindi au Mombasa, na atataka kuiona. Tarakimu mbili zinakuokoa nauli.

Na kuna kile kitufe cha kurudisha baiosi. Baiosi ni ile programu ndogo inayoishi ndani ya bodi, kama megabaiti 32, ndiyo inayoamka kwanza kabla ya Windows. Ukiwa unaiapdeti halafu stima ikapotea katikati, kwa bodi isiyo na kitufe hicho huenda umebaki na pambo la ukuta. Kwa hii, unaweka faili kwenye flashi, unachomeka tundu lake maalum, unabonyeza, inajiandika upya hata kama hakuna prosesa. Kwa mtu wa hapa, hicho ndicho kipengele cha kwanza kuangalia, kabla ya taa, kabla ya ampea. Sasa sikiza: kitufe hicho kiko pia kwenye ASUS TUF Gaming B650-Plus na kwenye MSI B650 Tomahawk. Hazina kioo cha tarakimu, zina vitaa vinne vya kukuambia ni prosesa, ramu, grafiksi au diski inayosumbua. Vinatosha. Bodi za familia hiyo za kawaida zilikuwa zinauzwa kati ya dola 150 na 200.

Soketi ni ile ile pia, na hili watu hawalishiki vizuri. AM5 ya Hero na AM5 ya B650 zinapokea prosesa zile zile. AMD waliahidi kuitunza hiyo soketi mpaka 2025, baadaye wakasogeza mpaka 2027 na kuendelea, na ukiangalia AM4 ilivyokaa, prosesa mpya za AM4 bado zilitoka 2024, mtu anaamini. Kwa hiyo ukiniambia "tununue kubwa ili idumu", nakuambia kudumu huko umekipata kwa bei ya chini tayari.

Lakini AM5 ina tabia moja ya kuogopwa. Zamani kwa AMD vipini vilikuwa chini ya prosesa. Sasa viko kwenye bodi, 1,718, vyembamba kama nywele. Kimoja kikipinda, kilichoumia ni bodi. Nilipokuwa naweka ile prosesa ya mteja nilifunga mlango, nikazima pangaboi, nikashikilia pumzi kama mtoto anayechungulia kiota. Bodi ikiwa ya laki, hiyo pumzi inakuwa ndefu zaidi.

Halafu taa. Wadau, taa. Upande wa nyuma kuna kioo chenye michoro ya vitone inayobadilika rangi, na ukiongeza ramu zenye taa na feni zenye taa, chumba kinakuwa klabu. Niliiwasha saa mbili usiku kuijaribu, juu ya meza, bila kasha. Unajua sisi tuko katikati ya mashamba ya mpunga na maji yaliyosimama. Nusu saa haijaisha, meza imejaa wadudu ambao hata sijui majina yao. Mbu, vipepeo wadogo, vile vijidudu vya kijani vinavyonuka ukivibana. Halafu mjusi kafiri akashuka ukutani taratibu, akasimama pembeni ya bodi, akaanza kula. Fikiria huyo mjusi ameingia ndani ya kasha, mkia wake umegusa mahali pa volti 12. Huenda akafa yeye, na huenda asiende peke yake. Ndiyo, taa zinazimwa kwenye baiosi. Ila hapo umelipa taa ili uzizime.

Wenye kuamini kwamba bei ni bima, niwakumbushe mambo mawili, na haya ni ya hadharani. Mwisho wa 2021, kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba baadhi ya bodi zake za Maximus Z690 Hero, za bei ya dola 600 hivi, zilitoka kiwandani kapasita moja ikiwa imewekwa kinyume. Zikawa zinaungua. Mwaka uliofuata zikarudishwa rasmi kule Marekani. Na Aprili 2023 prosesa za Ryzen 7000 zenye X3D zikaanza kuungua ndani ya soketi, bodi za bei kali zikiwemo, kwa sababu baiosi zilikuwa zinaruhusu volti za sehemu ya SoC kupanda kupita kiasi. AMD wakaagiza mwisho uwe volti 1.3, kampuni za bodi zikatoa baiosi mpya. Sisemi bodi hizo ni mbaya, matatizo yalirekebishwa. Nasema yule aliyelipa dola 700 na yule aliyelipa 170 walihitaji baiosi mpya wiki ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na maumivu zaidi kifuani.

Sasa nimtendee haki mwenzangu wa kamera, kwa sababu hoja yake si ya kitoto kama nilivyoifanya ionekane juu huko. Anasema mteja hanunui video, ananunua imani. Anasema mtu akiingia ndani akaona mashine inang'aa, imeandikwa ROG, haulizi tena kama hawa vijana wa Golbanti wanaweza kazi. Anaacha depo. Na anasema tukikwama kifedha, kitu chenye jina kinauzika haraka. Yote mawili ni kweli. Nimeona kwa macho yangu mtu akidharau picha zetu kabla hajaziona, kwa sababu ya meza zilipokaa. Hilo linauma, na linauma zaidi ukiwa huna cheti cha kuonyesha.

Ila hebu tufuate pesa mpaka mwisho. Tukitoa 104,600 ya Hero, tunabaki na 80,400. Ryzen 7 7700 ilitoka na bei ya dola 329. Ukiweka VAT ni kama 49,200. Inabaki 31,200, na hapo hatujanunua ramu, diski, pawasaplai wala kasha. UPS usiitaje. Tutakuwa na bodi ya kifalme na prosesa imelala kwenye boksi, tukisubiri harusi za Desemba ili tununue ramu, na harusi za Desemba tutazihariri kwa mashine gani? Ile ile ya mitumba.

Upande wa pili: B650 ya dola 170 ikifika hapa na VAT ni kama 25,400. Prosesa ile ile, 49,200. Tunabaki na 110,400. Humo tunapata ramu za gigabaiti 32, diski ya terabaiti mbili, pawasaplai ya kueleweka, kasha lenye wavu wa vumbi, na UPS ya kutupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kadi ya grafiksi tutatumia ile ya zamani kwa sasa. Na kilichobaki kinaanza mfuko wa betri na sola, ambao mimi kwangu ndio mashine yenyewe. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala giza, Nairobi mpaka uwanja wa ndege. Huku watu waliuliza tu, "Ni sisi peke yetu ama?"

Kama wewe unaishi pahali stima haikatiki, una diski nne za kazi, una vifaa vya USB4, unapenda kuichezea prosesa mpaka itoe moshi, na pesa yako haijatoka kwa watu watatu, chukua Hero, utaifurahia. Mteja wangu wa Malindi anaifurahia. Ana jenereta.

Tulipiga kura Jumapili baada ya kanisa, chini ya mwembe. Mbili kwa moja. Oda inaenda Jumatatu, na mzigo ukifika Garsen nitaufuata mwenyewe, simpi mtu wa boda aubebe na kuku. Mwenye kamera amekubali, lakini ametoa sharti: angalau feni moja iwe na taa, ya mbele, mteja aione akiingia. Tumemkubalia. Nami nimetoa sharti langu, kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni inazimwa, na dirisha la upande huo tunaliwekea wavu wa mbu kwanza. Mita mbili, nimeshauliza bei.